Mugonjwa wa Chuma

Kanyumba ilikufa kwenye mupando wa Mushaki, muchana kweupe, ikiwa imebeba viti vya mukutano wa wakubwa. Haikuwa imebeba mugonjwa. Ninaanza na hilo kwa sababu watu wa Karuba wanapenda kusema moteri ilikufa kwa uzee. Kitu kizee kinakufa kwa uzee kama kimeachwa kizeeke. Hiki kiliuawa.

Kanyumba ni gari. Wazungu wawili, bwana na bibi, waliokuwa wanazunguka Afrika, walifika nayo kwetu wakati barabara ilikuwa bado barabara. Bwana akaugua, wakarudishwa kwao kwa ndege, na gari ikabaki kwenye uwanja wa paroisi. Ndani iko na kitanda, kabati, jiko la kupikia chai na mapazia ya maua. Watoto njo walioiita Kanyumba. Padri alipoona hakuna anayerudi kuichukua, aliipa chama chetu cha ngobyi.

Ngobyi, kila muntu wa milima anaijua. Kitanda cha kufumwa kwa mianzi, miti miwili mirefu, wanaume mabegani na wengine nyuma wakingoja zamu. Kila kilima kina chama chake. Usipokuja kubeba mugonjwa wa mwenzako, siku yako utajibeba. Na kuna sheria moja ambayo hakuna serikali iliyoiandika: ngobyi haisimamishwi. Ukikutana nayo njiani unavua kofia, unaingiza bega chini ya muti, unabeba kipande, halafu unaendelea na safari yako. Hata wenye bunduki, wa upande huu ao wa upande ule, walikuwa wanainua muti wa bariyeri, ule wanaofungia njia, bila kuuliza.

Bibi yangu Mukasine alifia ndani ya ngobyi, mutoto wetu wa mwisho akiwa amekwama tumboni. Mimi nilikuwa chini ya muti wa mbele, upande wa kuume. Nilisikia uzito ukibadilika. Muntu akikata roho uzito unabadilika. Wabebaji wanalijua hilo, na hawalisemi mpaka wafike. Siku ile hospitali ilikuwa na gari. Ilikuwa imesimama kavu, mafuta yake ya mazuti yamepeleka mukubwa fulani kwenye arusi. Basi ukinisikia nikiwasema wakubwa, usinifundishe heshima.

Sasa njo ujue kwa nini nilikimbia kama kichaa niliposikia Kanyumba imezimika. Binti yangu Victorine alikuwa na mimba kubwa. Mutoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu, na daktari wa Masisi alimwonya kwamba wa pili asimungojee nyumbani: uchungu wa kwanza tu, aje, kwa sababu mushono ukipasukia njiani hakuna wa kuushona tena. Mume wake alikuwa anachimba mawe huko Walikale, hana habari. Alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa na Kanyumba.

Nilikuta wamekusanyika kuizunguka kama kwenye kilio. Léonard, presida wa chama, ndiye aliyeikopesha gari kwa wakubwa bila kuuliza muntu. Alikuwa amesimama pembeni, koti safi, akieleza kwamba ni betri. Mwingine akasema ni mazuti machafu. Kila muntu alikuwa fundi siku ile. Fundi mwenyewe, Floribert, ambaye pia ni shofere wetu, alikuwa amekaa kwenye jiwe akitazama chini.

Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema mushale wa kupima moto wa moteri ulipanda kwenye nyekundu tangu chini ya mulima, akataka kusimama, presida akamwambia aendelee, wakubwa wanangojea viti. Moshi mweupe ukatoka, moteri ikazima. Akataka kuiacha ipoe. Presida akamwambia alazimishe ufunguo. Akalazimisha mpaka demarere, ile inayoamsha moteri, ikanuka kuungua, ndani kukalia "ko", na kimya.

Floribert hakuwa na haraka. Alifungua kifuniko cha mafuta ya moteri, akatuonyesha: chini yake kulikuwa na povu rangi ya chai ya maziwa. Hapo tayari uso wake ulianguka. Maji na mafuta vimeonana, akasema, na havitakiwi kuonana hata siku moja. Akashika funguo ndefu, akajaribu kuizungusha moteri kwa mukono. Ilienda nusu, ikagoma. Akairudisha, ikagoma upande ule mwingine. Basi akaanza kufungua kulasi, kile kichwa kizito kinachofunika silinda, na sisi tukamshikia boloti ndani ya kofia ili zisipotee kwenye majani. Kulasi ilipotoka tuliona ufa, mwembamba kama unywele, kutoka tundu la maji mpaka kwenye silinda ya tatu. Ndani ya silinda ile maji yalikuwa yamesimama kama kisimani, pistoni imevunjika ukingo, na mukono wa chuma unaoisukuma umepinda.

"Hewa moteri inaifinya," Floribert alisema. "Maji hayafinyiki. Ukilazimisha, chuma njo kinapinda."

Léonard akauliza kama haiwezi kuchomelewa.

"Hii hatuitengenezi, presida. Hii tunaizika."

Tuliisukuma Kanyumba mpaka Karuba kwa mabega, kama maiti.

Moteri kama ile haipatikani dukani. Lakini Floribert alijua kwamba huko Hombo, kwenye soko la mupakani, kulikuwa na gari ndugu ya Kanyumba iliyoanguka mutoni zamani, na moteri yake ilikuwa inazungusha kinu cha muhogo. Nilitoa ng'ombe wangu mutamba, yule aliyekuwa wa Mukasine. Hakuna aliyeniomba. Léonard alitoa barua yenye muhuri.

Mwenye kinu alipotukaribisha, moteri ilikuwa inanguruma vizuri. Floribert akaomba izimwe, tukae mpaka asubuhi. Mwenye kinu akachukia. Floribert akamwambia moteri yenye moto inadanganya kama mulevi, aiache ilale, itasema ukweli ikiamka na baridi. Asubuhi akaweka kiganja kwenye tundu la mafuta kusikiliza pumzi yake, akanusa moshi, akasikiliza kila silinda kwa bisibisi iliyowekwa sikioni. Alikubali. Tatizo lilikuwa demarere: ya kinu haikuwapo, walikuwa wanaiwasha kwa kamba, na ya kwetu iliungulia Mushaki. Kwa hiyo Kanyumba ingewaka kwa kusukumwa tu. Floribert akacheka kidogo, akasema tutaiegesha siku zote kwenye muteremko, na Masisi imekosa vitu vyote isipokuwa muteremko.

Lori lilituleta kupita Walikale mpaka Nyabiondo, pale madaraja yanapoishia. Kutoka hapo ni miguu. Na hapo njo shida ilianza, kwa sababu moteri ya kinu cha Bihambwe ilikuwa imechukuliwa na wenye bunduki, "kwa usalama" walisema, na haijarudi. Wakiiona yetu, Victorine atabaki na miguu ya wanaume, kama mama yake.

Wanaume wa chama walikuwa wameshuka kutupokea, na walikuja na ngobyi kwa sababu ni kitu tunachojua kubebea. Mimi njo nilisema tuilaze ndani. Tuivue kulasi na pampu, vile tutavificha ndani ya mifuko ya muhogo. Mwili wake tuufunike blanketi, tuuweke muto upande wa kichwa. Muzee mumoja wa wabebaji akasema ngobyi hatuichezei. Nikamwambia wakubwa wameichezea Kanyumba, na hakuna aliyewakataza. Aliinama akashika muti.

Tulibeba chuma kile kutoka Nyabiondo mpaka kupita Masisi. Waliokutana nasi njiani walivua kofia, wakaingiza mabega, wakashangaa uzito, wakaomba Mungu. Mama mumoja aliyetoka shambani alitufuata akiimba wimbo wa kanisa. Nilitaka kumwambia arudi. Sikumwambia.

Bariyeri iko mbele ya Bihambwe, kwenye mulima: ukitoka Masisi unaikuta juu, halafu njia inashuka kwa utelezi mpaka mutoni, kwenye daraja la magogo. Kijana aliyekuwa mukubwa pale aliitwa Sylvain. Mama yake alikuwa anauza maharagwe sokoni. Aliinua muti kama desturi, halafu akauliza ni nani.

Nilikuwa nimetengeneza jina la uongo njia yote. Halikutoka.

"Mukasine," nikasema. "Bibi yangu."

Sylvain akampa mwenzake bunduki, akavua kofia, akaja chini ya muti wa mbele, upande wa kuume. Mahali pangu pa siku ile. Tukaanza kushuka. Udongo ulikuwa kama sabuni, na miti ilikuwa inalia mabegani. Katikati ya muteremko akaniambia pole sana, mama iko muzito.

"Amevimba," nikasema.

Mumoja nyuma akakohoa. Sijui kama ilikuwa kicheko ao woga. Tulipofika darajani Sylvain akasimama, na sisi wote tukasimama kwa sababu ngobyi haiendi na bega moja pungufu. Alikuwa anatazama buti yake. Tone jeusi, halafu lingine. Floribert alikuwa amemwaga mafuta yote Walikale. Alidhani ameyamwaga yote. Sylvain akagusa kwa kidole, akanusa.

"Papa," akasema polepole, "damu ya mama iko nyeusi."

Akanigeukia.

"Kabla nimuweke chini, uniambie. Ni silaha?"

"Ni moteri. Ya Kanyumba."

"Ile iko na mapazia ya maua?"

"Ile. Binti yangu anakaribia kuzaa."

Alitazama juu, kule wenzake walikuwa wamekaa chini ya turubai. Muti ulikuwa bado begani kwake. Angeita tu, ingetosha. Halafu akasogeza bega, akasema twende, atuvushe daraja kwanza. Ng'ambo alivaa kofia yake na kunishika mukono.

"Mufunge midomo, Papa Victorine. Hii kintu ikijulikana, siku mutaleta muntu wa kweli, watamufunua. Na mimi sitakuwa hapa ya kuwakataza."

Nilimuahidi. Tuliahidi wote.

Pale Karuba tulisimamisha miti mitatu ya ekaliptasi juu ya pua ya Kanyumba, tukafunga mukufu, tukaning'iniza moteri kama ng'ombe machinjoni. Floribert alilala chini yake huku akituamuru: shusha, ngoja, vuta kushoto, ngoja. Mara moja mukufu uliteleza na chuma kikasimama upana wa kiganja kutoka kifua chake. Akasema tuendelee, kama ni kufa angependa kufa jambo limekwisha. Ilikaa kwenye mipira yake. Akarudisha kulasi na gasketi mpya ya kuzuia maji, akafungua radiatere ya zamani, ile ya kupoza moteri, akatoa udongo wa mutoni uliokuwa umeijaza kama chungu, na hapo akanionyesha: radiatere haikuwa inapumua kwa muda murefu. Kila mara presida alipokopesha gari, walioikopa waliijaza maji machafu ya mutoni. Akatoa hewa kwenye bomba la mazuti, tukaisukuma kwenye muteremko wa kanisa. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Victorine alikuwa amesimama mulangoni kwangu, mukono mugongoni. Hakupiga makofi. Aliingia ndani kufunga nguo zake.

Lakini Kanyumba ililazimika kubarikiwa, na palipo na baraka kuna presida. Siku ya Mungu, baada ya misa, Léonard alishika kipaza sauti cha paroisi. Alijishukuru. Halafu, ili watu wacheke, akasimulia yote, ambayo sijui nani kati yetu alimwambia: blanketi, muto, kijana wa bariyeri akibeba chuma na kusema pole sana mama. Alimuiga sauti. Watu walicheka mpaka wakashikana. Nilitazama wachuuzi wa Bihambwe waliokuja kuuza mandazi. Walikuwa wanacheka kuliko wote, na jioni walikuwa wanarudi kwao. Nilipita katikati ya watu, nikamnyang'anya kile kipaza sauti. Neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Sylvain aliondolewa kabla ya soko lililofuata. Wengine wanasema alipigwa, wengine wanasema alipelekwa mbali mbele ya mapigano. Sijui. Mama yake hauzi tena maharagwe pale.

Uchungu wa Victorine ulianza asubuhi ya mvua. Floribert aliachilia breki, Kanyumba ikateleza, ikawaka, tukaondoka: yeye kwenye usukani, mimi nyuma nimepiga magoti kando ya kitanda. Mapazia yalikuwa yanacheza. Victorine alikuwa ameuma kona ya kitenge na hakuwa analia, na hilo njo liliniogopesha, kwa sababu mama yake naye hakulia. Floribert alipaza sauti bila kugeuka, akanikumbusha ya kila siku: popote tutakaposimama, moteri isizimwe kama pua inatazama juu.

Tulivuka daraja, tukaanza kupanda. Juu, mbele ya muti wa bariyeri, kulikuwa na ngobyi chini, kwenye matope.

Ngobyi haiwekwi chini. Kabla hata sijaona sura ya muntu nilijua. Blanketi lilikuwa limetupwa pembeni, na muzee mumoja mwembamba alikuwa amelala chini ya mvua, macho wazi, mikono amejifunika aibu. Wabebaji wake, watu wa kilima kingine, walikuwa wamesimama vichwa wazi. Mukubwa mupya wa bariyeri alikuwa anachokoa mianzi chini ya muzee kwa ncha ya bunduki.

Alipotuona alicheka, akaja kwenye dirisha la Floribert.

"Hii njo ile mugonjwa ya chuma?"

Floribert akamwambia kuna mama nyuma, mushono wake unaweza kupasuka. Akaomba asizime. Akaeleza demarere, mupando, yote. Yule hakusikiliza, aliingiza mukono dirishani, akazungusha ufunguo, akautoa. Moteri ikanyamaza. Nilisikia mvua juu ya bati, na pumzi ya Victorine.

"Papa," alisema Victorine. Neno moja tu. Kitenge kilikuwa kimelowa.

Nilifungua mulango wa pembeni kabla yule mukubwa wa bariyeri hajafika. Nilitaka kumwambia yule kijana mengi, juu yake na wakubwa wake na wakubwa wangu. Badala yake nilishika blanketi la binti yangu, mimi baba yake, nikalivuta.

"Tazama," nikamwambia. "Ya leo ni muntu. Tazama vizuri, halafu utupe ufunguo."

Alitazama. Alikuwa kijana mudogo kuliko nilivyodhani, na alipoona alichokiona aligeuza uso haraka kama aliyeunguzwa. Ufunguo aliuweka kwenye kiti. Akaenda mwenyewe kuinua muti.

Lakini moteri ilikuwa imezimika, hakuna demarere ya kuiamsha, na pua ilikuwa inatazama mbinguni. Mbele hatukuweza kuisukuma. Floribert akaniambia njia ni moja: kuiacha irudi kinyumenyume, aishike na gia ya nyuma kabla ya daraja. Isiposhika, breki zake kwenye udongo ule hazitatosha.

Nilimtazama yule muzee kwenye matope. Nikawaambia wabebaji wake wamulete ndani, kitanda kinatosha wawili. Victorine alijisogeza ukutani bila kuambiwa. Wakamulaza, wakafunga mulango, halafu wakafanya ambacho hakuna aliyewaomba: walizunguka Kanyumba, wakaweka mabega, wengine mbele kusukuma, wengine juu yao na kamba za ngobyi zilizofungwa puani kuizuia isitoroke. Yule muzee wa chama aliyesema ngobyi haichezewi angelia kuona. Floribert akaachilia breki.

Tulirudi nyuma. Magurudumu yaliteleza upande, mianzi na majani yakapita dirishani, muzee akaanza Salamu Maria kwa sauti ndogo. Niliona kupitia kioo cha nyuma magogo ya daraja yakikua. Floribert akaachia klachi: gari ikaruka, ikakohoa, ikafa. Magogo yakakua tena. Akaachia mara ya pili, na nikasikia "ko" ya tumboni, nikadhani ni mukono wa chuma, umepinda, basi, yamekwisha. Haikuwa hivyo. Ilikuwa moteri ya Hombo ikiamka, ikisema ukweli. Moshi ulijaa mapazia. Gurudumu la nyuma lilikuwa tayari juu ya gogo la kwanza.

Tulipanda bila kusimama. Muti wa bariyeri ulikuwa juu, yule kijana kando yake, kofia mukononi. Sikumtazama.

Victorine alipasuliwa Masisi muchana ule ule. Daktari alisema mushono ulikuwa umeanza kufunguka. Mutoto ni muke. Wanataka kumuita Mukasine, na mimi bado sijasema ndiyo. Muzee aliishi mpaka alipomuona kijana wake.

Léonard bado ni presida. Anasema Kanyumba ni kazi yake.

Na pale bariyeri bado wanafunua. Wakubwa wa bunduki wamebadilika tena, lakini desturi ya kufunua imebaki. Desturi mbaya inashika haraka kuliko moteri. Kanyumba haiwezi kwenda kila mahali, kwa hiyo ngobyi bado inatembea. Nikisikia imeondoka kwenye kilima chochote cha kwetu, ninachukua fimbo yangu ninaifuata. Siwezi tena kubeba. Bega la kuume limekwisha. Ninatangulia tu mpaka juu kwenye bariyeri, ninamwambia mugonjwa jina langu, ninamuomba ruhusa, halafu kabla wenye bunduki hawajanyoosha mukono, ninainua kona ya blanketi mimi mwenyewe, kidogo tu, upande wa uso, waone ni muntu, na ninairudisha.